Rangi za maji: watu wangu wanatoka kama picha za kitambulisho

Mchoraji_Umoja: Habari zenu. Nataka kuchora watu wa ndotoni, mtu yupo na hayupo. Nilimchora shosho wangu amesimama usiku kwenye majani chai ya Limuru. Nikitia maji kidogo anakodoa macho kama yuko kwa chifu. Nikiongeza, uso wote unayeyuka. Nifanyeje?

K_Ngara: Karatasi kwanza. Ile ya daftari hujikunja kabla hujafika puani. Tafuta ya pamba, nzito, ya gramu 300 kwa mita mraba.

MamaBrashi: Karatasi ni kweli, ila hata ya bei haitakuotea ndoto.

Wengi tunadhani ndoto ni ukungu, basi tunamwaga maji kila mahali. Mtazame Gustave Moreau, Mfaransa. Mwaka 1876 alionyesha Paris picha ya rangi za maji yenye kimo cha zaidi ya mita moja: Salome amenyoosha mkono, na kichwa cha Yohana Mbatizaji kinaelea hewani mbele yake, kinatoa miale, damu inachuruzika. Kichwa hicho hakina ukungu hata chembe. Jambo lisilowezekana limechorwa waziwazi, ndiyo maana linatisha.

Mwenzake Odilon Redon, mwaka 1890, alichora uso uliofumba macho (hiyo ni ya mafuta, lakini ina faida kwako). Mfumbe shosho macho, mambo ya chifu yataisha hapo hapo.

Halafu chagua sehemu moja tu iwe kali. Mimi ningechagua mikono, na ningeichora karatasi ikiwa kavu. Bega na leso vimezwe na usiku: lowesha, ngoja mng'ao wa maji ufifie, ndipo uguse rangi. Ukiwahi, inatoroka. Kwa baridi yetu ya Julai utapata nafasi ya kunywa chai ukingoja. Januari mchana usibanduke kitini.

Ngozi usiiachie kahawia ya tyubu peke yake. Changanya siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu) na bluu ya ultramarini, kivuli kielekee zambarau. Nyeusi ya tyubu mimi niliigawa kwa watoto wa jirani.

Mchoraji_Umoja: Mikono! Na ndiyo niliyokuwa nimeificha ndani ya leso, kwa kuogopa vidole. Sasa bega likimezwa, mstari wa penseli nao?

MamaBrashi: Ufifishe kwa kifutio kabla ya kulowesha. Rangi ikishakauka juu yake, hautoki vizuri. Na vidole vichore vibaya tu, tuvione.