Harry Potter cha nane: nimpe binti yangu au nikifiche?

MamaMtoto_Tanga:
Wakuu, salaam. Vitabu vya Harry Potter, yule mtoto mchawi, nilianza 2003, kidato cha pili, bweni. Kitabu kimoja tulikisoma kwa foleni watu kumi na mbili, na kwa kuwa kurasa za mwisho zilishang'oka, mwisho wenyewe tulihadithiwa. Cha saba nilikimaliza usiku nikalia kama nimefiwa.

2016 ikasikika kuna cha nane, The Cursed Child. Nikamwagiza binamu aliyekuwa anarudi kutoka Uingereza. Kufungua tu: jina la mhusika, nukta mbili, maneno yake. Tamthilia! Hilo ningelimeza. Lakini vile vidude vya kurudisha wakati si vilivunjika vyote pale Wizara ya Uchawi, kitabu cha tano? Hapa kimeibuka kingine. Cedric wa kitabu cha nne, kijana mstaarabu vile, anaaibishwa mashindanoni basi anageuka mfuasi wa Voldemort, yule mchawi mwovu aliyewaua wazazi wa Harry. Na Voldemort eti ana binti!

Kilichoniuma hasa ni Harry kumwambia mwanawe Albus kwamba kuna nyakati anatamani asingekuwa mtoto wake. Harry yupi? Yule yatima aliyekuwa akikaa usiku mbele ya kioo cha uchawi kuwatazama wazazi wake? Nikakitupia juu ya kabati.

Sasa binti yangu ana miaka 11, kamaliza cha saba wiki iliyopita. Juzi umeme umekatika, akapanda stuli kutafuta tochi, akakiona. Nimpe?

Kobe_wa_Pwani:
Dada, unakionea. Aliyeandika tamthilia ile ni Jack Thorne. Rowling, mwandishi wa vile saba, alishirikiana naye na John Tiffany, mwongozaji wake, kwenye kisa. Iliandikwa ichezwe jukwaani, London. Mashairi ya taarabu ukiyasoma karatasini, bila fidla wala mwimbaji, utayasifu?

Saba_Tu:
Kobe, fidla haizibi tundu la kisa. Kwenye cha tatu lililotokea limetokea: Harry anarudi nyuma na kukuta aliyemwokoa ni yeye mwenyewe. Kwenye hiki ukigusa kidogo tu huko nyuma, Hogwarts yote, ile shule yao ya uchawi, inakuwa ya Voldemort. Ni sheria ipi sasa? Mwambie mtoto vipo saba, kile ni cha jirani.

Baba_Nuru:
Mimi sikipendi pia, ila kwa Harry na Albus nakupinga, dada. Mtu aliyelelewa kwenye kabati chini ya ngazi, ubaba angejifunzia wapi? Baba yangu alifariki nina miaka miwili. Mwanangu wa kwanza nilishamtamkia neno baya kuliko hilo, kisa redio aliyoivunja. Ukurasa ule nilipoufikia nilikiweka kitabu pembeni siku mbili.

MamaMtoto_Tanga:
Baba Nuru, hapo umenishika. Miaka yote hii nilikuwa namsoma Harry kama mtoto mwenzangu wa bweni. Sikumsoma kama mzazi, na mzazi nishakuwa.

Mrejesho: wakati nyie mnabishana huku, binti mwenyewe yuko sebuleni kafika nusu. Nimemuuliza kikoje, akanijibu, "Mama, mbona Ron, rafiki wa Harry, wamemfanya kichekesho?" Saba_Tu, huyo ni wako.

Ila Scorpius, mtoto wa Draco aliyekuwa hasimu wa Harry shuleni, anampenda mno, hataki mwingine amsome. Kwa hiyo tumegawana: yeye Scorpius, mimi wote waliobaki, pamoja na kile kizee cha toroli la peremende kwenye treni. Kobe, fidla hatuna, lakini jirani keshagonga ukuta mara mbili.