Naombeni msaada: "tumeachana" kwa Kiingereza ni neno lipi hasa?

FundiHerufi (Tanga)
Habari za jioni wakuu. Nina steshenari ndogo karibu na stendi: natoa kopi, nachapa barua, najaza fomu za watu. Kuna jambo linaninyima usingizi tangu juzi.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja ambaye mwanawe ameomba ufadhili wa masomo nje. Fomu ilitaka maelezo ya wazazi kwa Kiingereza. Mama akaniambia, "Andika mimi na baba yake tumeachana." Nikaandika "separated", nikaona nimemaliza. Juzi karudi na jibu: wanataka sahihi ya mume na uthibitisho wa mshahara wake, maana kwa maandishi yangu huyo bado ni mumewe! Mama ana hati ya talaka tangu 2016. Aliitoa kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne, na mikunjo imeshaanza kuachia. Hakunilaumu hata kidogo, na ndiyo inayoniuma zaidi.

Nimefungua kamusi nikakuta msururu: part, split, break up, separate, divorce, dissolve, collapse. Sisi mbona "kuachana" kunatutosha? Hata mimi na rafiki yangu tukishuka daladala tunaachana pale stendi. Mwenye kujua anisaidie. Fomu inarudi Ijumaa.

Chuma cha Reli
Mkuu, si kaachwa huyo mama? Andika "abandoned", wamwonee huruma.

Mkalimani Mstaafu
Hapana, tafadhali usiandike hivyo. "Abandoned" ni kutelekezwa: mtu kaondoka, hatoi matunzo, hajulikani alipo. Hiyo ni tuhuma, na wataulizia ushahidi.

Fundi, pole. Nimetafsiri mahakamani miaka 19 na kosa lako nimelisikia kwa watu wengi, hata waliosoma. "Separated" ni kutengana. Wanalala nyumba mbili, lakini ndoa ipo. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 nayo inatofautisha: mahakama inaweza kutoa amri ya kutengana, wanandoa wakaondolewa wajibu wa kuishi pamoja, na bado ndoa haijafa. Kwa mama mwenye hati ya talaka, neno ni "divorced", basi. "Annulled" ni ndoa iliyobatilishwa kwa kasoro iliyokuwepo tangu ilipofungwa, haimhusu. "Broke up" ni la mazungumzo, hasa kwa wapenzi. Kwenye fomu liache. Nyinyi wa stendi ndio "parted".

Nilichojifunza kwenye kazi ile ni hiki. Mswahili akisema kaachwa, kaacha, kaachika au wameachana, amekwisha kukwambia nani alifanya nini, na mzizi ni ule ule mmoja. Mwingereza akisema "divorced" hakwambii nani kamwacha nani. Anakwambia tu ndoa imefika wapi kisheria. Kwa hiyo ukitafsiri usitafute neno linalofanana na "kuacha". Muulize mteja: karatasi ipo au haipo?

Binti wa Karani
Shikamoo mzee wangu. Hapo kwenye nani alifanya nini umenikumbusha marehemu baba, alikuwa karani wa reli enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukimwambia Jumuiya "ilivunjwa" mwaka 1977 alikurekebisha papo hapo: "Ilivunjika!" Kwake tofauti hiyo ilikuwa kubwa, maana ingevunjwa kwa utaratibu, mali zingegawanywa hapo hapo, lakini ziligawanywa kwa mkataba wa 1984 tu, miaka saba baadaye. Kiingereza hapo kinabadili neno zima. "Dissolved" kuna mkono ulioivunja kwa utaratibu, kama Bunge linavyovunjwa. "Collapsed" imeporomoka kama ukuta wa udongo baada ya masika. Na "split" ni kugawanyika vipande vinavyobaki hai, kama Chekoslovakia ilivyotoa nchi mbili Januari 1, 1993.

Kaka Fundi, ile hati ndiyo "falling apart". Toa kopi leo kabla mikunjo haijakatika, mpelekeeni wakili au hakimu aithibitishe kuwa ni nakala halisi, kisha muiambatanishe na barua.

Mkalimani Mstaafu
Marahaba binti. Baba yako alikuwa sahihi.

FundiHerufi (Tanga)
Wakuu, nawashukuru kwa moyo wote. Tumetoa kopi tatu, wakili kagonga muhuri, na barua nimeichapa upya bila kumtoza mama hata shilingi. Nimeandika: "I have been divorced since 2016. The certificate is attached." Na sentensi moja ya kueleza kwamba kosa la kwanza ni langu, si lake.

Kabla ya kutia sahihi alitaka nimsomee kwa Kiswahili. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hapo pameandikwa nani alimwacha mwenzake?"

Nikamwambia hapana mama, Kiingereza hakikusema.

Akavuta kalamu. "Basi iache hivyo hivyo, mwanangu."