Faiba Mbps 20, sebuleni safi, chumba cha nyuma waifai inakufa. Nianzie wapi?

Mkazi_Tegeta
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada. Nyumba ni ya vyumba vitatu, tofali za saruji za inchi sita, plasta ndani na nje, silingi ya jipsamu, bati juu. Faiba inaingilia dirisha la sebuleni, na ruta iko nyuma ya runinga, ndani ya kabati. Kifurushi ni Mbps 20. Sebuleni napata 19. Chumba cha nyuma, kama mita 12 na kuta tatu katikati, napata 2, saa nyingine inakata kabisa, na huko ndiko watoto wanakosomea. Dukani nimeambiwa ninunue repita, kifaa cha kupokea waifai na kuirusha tena, mwingine kasema nipandishe kifurushi hadi 50. Ruta ya zamani ya bendi mbili (GHz 2.4 na 5) ninayo, imekaa tu. Nishaurini.

waya_nane
Mkuu, kifurushi kiache kilivyo. Sebuleni unapata 19 kati ya 20, maana yake ulicholipia kinafika. Kinapotelea humo humo ndani. Ukilipia 50, kule nyuma utabaki na 2 yako.

Pima kwanza. Ingia chumba cha nyuma na kompyuta ya Windows, fungua Command Prompt, andika:

`netsh wlan show interfaces`

Tafuta mstari wa Signal. Gawa asilimia kwa mbili kisha utoe 100: asilimia 60 ni dBm -70 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi). Halafu:

`ping -n 50 192.168.1.1`

Hiyo anwani ni ya ruta. Kama yako ni tofauti, imeandikwa kwenye kibandiko chini yake. Ping hutuma pakiti, yaani vipande vidogo vya data, na kungoja jibu. Hii haitoki nje ya nyumba, kwa hiyo mtoa huduma hahusiki kabisa. Majibu yakirudi chini ya milisekunde 10 na hakuna pakiti iliyopotea, waifai ni nzima. Yakirukaruka, mawimbi ndiyo yenye shida.

Kwa video na masomo ya moja kwa moja lenga -67 au karibu zaidi na sifuri. Kwenye -75 kurasa zinafunguka kwa kusuasua. Ukivuka -80 ndiyo kukatika huko.

Mkazi_Tegeta
Nimepima. Signal asilimia 32. Kati ya ping 50 zimepotea 7, zilizorudi nyingine milisekunde 4, nyingine 310.

waya_nane
32 ni -84. Jibu umeshalipata.

dada_masafa
Kaka, anza na kabati. Mgongo wa runinga una bati kubwa la chuma, na chuma hakipitishi mawimbi, kinayarudisha. Toa ruta nje, iweke juu ya kabati au itundike ukutani, mita moja na nusu hadi mbili kutoka sakafuni, upande ulio karibu na korido. Diski ya USB 3 kama imechomekwa kwenye ruta, ichomoe, kwa sababu inachafua bendi ya 2.4. Antena zisimame wima. Watu wengi huzilaza zielekee chumbani wakidhani wanayarushia mawimbi huko, kumbe mawimbi hutoka ubavuni mwa antena, kwenye ncha yapo kidogo sana.

Sasa hesabu ya nyumba yako. Kila umbali unapozidi mara mbili unapoteza desibeli 6, na desibeli 3 tu ni nusu ya nguvu. Ukuta wa tofali za saruji wenye plasta pande mbili unaweza kula desibeli 8 hadi 15. Unazo tatu. Tena mawimbi yakipita ukutani kwa mshazari, unene yanaoukuta ni mkubwa kuliko inchi sita ulizojengea. Bendi ya 5 ina kasi zaidi lakini kwa umbali ule ule hufika ikiwa pungufu kwa desibeli kama 7, na ukutani inaumia zaidi. Kwa hiyo kuhamisha ruta kutakupunguzia maumivu, hakutamaliza.

Ukiwa kwenye mipangilio: bendi ya 2.4 weka upana wa MHz 20, chaneli 1, 6 au 11 tu, ile ambayo majirani wameijaza kidogo. Chaneli 3 au 8 unazoona watu wanashauri zinagongana na pande zote mbili. Usalama uwe WPA2 yenye AES. Ukiacha TKIP, njia ya zamani ya kuficha data, ruta inabanwa isivuke Mbps 54 za kiwango cha zamani.

Kipanga
Mbona mnamzungusha? Repita ni dakika tano, anachomeka ukutani kazi imeisha.

dada_masafa
Ndugu Kipanga, repita ya bendi moja inapokea na kutuma kwa redio ile ile. Kila pakiti inapita hewani mara mbili, kasi inabaki nusu au chini ya hapo. Kosa la pili ndilo la wengi: wanaichomeka chumba chenye shida. Pale penye -84 repita itasikia -84, kisha itarudia kwa sauti kubwa kitu kilichokwisha haribika. Nyumba ya kupanga isiyoruhusu kuvuta waya, sawa, lakini iwe ya bendi mbili na ikae katikati, mahali panaposoma kama -65. Huyu ana ruta ya pili tayari. Avute kebo kutoka ruta ya sebuleni hadi hiyo ya pili chumba cha nyuma.

Fundi_Kebo
Naunga mkono kebo. Kwa mita 12 nunua mita 20, kwa sababu kuna kupanda na kushuka. Chukua Cat6 au Cat5e ya shaba tupu. Madukani zimejaa za alumini iliyopakwa shaba, na kwa macho huzitambui. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ndani ukiwa mweupe, iache. Alumini inakatika ukiikunja mara chache, na kwenye plagi inalegea baada ya muda.

Pitisha juu ya silingi ndani ya bomba la plastiki la milimita 20, panya wanapenda sana ganda la kebo. Usiilaze sambamba na waya za umeme, acha sentimita 20 au zaidi. Pakibidi kukatiza, ikatize kwa msalaba. Kebo tu ndiyo ipite juu, ruta ibaki chini ya silingi. Ruta nyingi zimetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 40, na chini ya bati saa nane mchana panazidi hapo.

Plagi za RJ45, zile za ncha za kebo, hufungwa hivi. Menya ganda sentimita 2.5. Panga kuanzia kushoto, klipu ya plagi, ile inayobonyezwa kuchomoa, ikiangalia chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Zinyooshe, zikate ncha zilingane, sukuma hadi uone shaba nane zimegusa ukuta wa mbele wa plagi. Ganda la kebo lazima liingie ndani libanwe na kabari. Ukiona nyuzi za rangi zimechungulia nje ya plagi, kata urudie. Msokoto usiufungue zaidi ya milimita 13.

waya_nane
Mipangilio ya ruta ya zamani, fuata mpangilio huu. Iunganishe na kompyuta peke yake, bado usiiunganishe na ruta ya sebuleni. Badilisha anwani yake iwe 192.168.1.2. Zima DHCP, ile kazi ya kugawa anwani kwa vifaa, ibaki ya ruta ya sebuleni peke yake. Jina la waifai na nenosiri viwe sawasawa na vya sebuleni. Kama sebuleni ni chaneli 1, huku weka 11. Kwenye bendi ya 5, sebuleni 36, huku 149. Sasa chomeka kebo kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), siyo lile la WAN (la kuingizia intaneti). Ukichomeka WAN, runinga na printa za upande mmoja hazitaonekana upande wa pili.

Simu zina tabia ya kung'ang'ania ruta ya mbali. Punguza nguvu ya kurusha ya 2.4 kote kuwili hadi kiwango cha kati.

Mkazi_Tegeta
Mrejesho, wakuu. Kebo imepita. Chumba cha nyuma asilimia 96, kasi 19, ping hazipotei. Mambo mawili: simu moja inasema imeunganishwa ila hakuna intaneti, na kompyuta nikiichomeka kwa kebo kule nyuma inasoma Mbps 100 wakati ruta zote ni za gigabiti (Mbps 1000).

waya_nane
Simu ilipewa anwani kabla hujazima DHCP, inatafuta njia ya kutokea 192.168.1.2. Sahau mtandao kwenye simu, uunganishe upya. Ikirudia, ingia tena uone kama ulihifadhi mabadiliko.

Fundi_Kebo
Kwanza jaribu kompyuta kwa kebo fupi nzima. Ikisoma 1000, shida iko kwenye kebo yako ndefu: Mbps 100 inatumia nyuzi nne tu, gigabiti inataka zote nane. Uzi wa bluu au wa kahawia haujagusa shaba. Kwa kifurushi cha 20 hutaona tofauti leo, lakini uzi uliolegea hauponi. Chomeka kebo kwenye kipimo cha kebo, kile chenye taa moja kwa kila uzi, angalia taa 4, 5, 7 na 8. Isiyowaka ndiyo hiyo. Kata ncha ya upande wa chumbani kwanza, ufunge plagi mpya.