Programu za simu za kutambua viumbe: je, nirekodi jina lipi?

Muulizaji: Nimeanza kupiga picha za wadudu kwa simu na kuiachia programu ya iNaturalist inipendekezee majina. Nondo mmoja amepewa majina matatu tofauti. Je, nirekodi lipi, na rekodi ya mtu asiye mtaalamu ina faida gani kwa sayansi?

Jibu la 1: Usibahatishe. Kama huna hakika na spishi, andika jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) au hata familia (kundi la jenasi) tu, kwa kuwa wadudu wengi hawatofautishwi kwa picha moja ya mgongoni. Piga pia ubavu, tumbo na mmea aliotua. Rekodi yenye picha, tarehe na mahali hufikia daraja la utafiti pale zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi, wasiopungua wawili, wanapokubaliana juu ya spishi, na nyingi kati ya hizo hupelekwa GBIF, hazina ya kimataifa ya data za viumbe, ambako watafiti huzitumia.

Jibu la 2: Kwa ndege mimi hutumia Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell, ambayo husikiliza sauti. Lakini ndege waigaji huipotosha (nami pia, nakiri), hivyo simrekodi nisiyemwona.

Jibu la 3: Kuhusu mahali, iNaturalist hufifisha yenyewe eneo la spishi nyingi zilizo hatarini ili majangili wasilipate. Nawe usilitaje kwenye maelezo.

Muulizaji: Asanteni. Nondo nimemrudisha kwenye familia, na kesho nitatafuta tumbo lake.