Kiambishi "peri-" kinazunguka nini hasa?

Swali

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi, na tangu juzi nimekwama mahali pamoja. Tumefundishwa kwamba kiambishi awali cha Kigiriki "peri-" kina maana ya "kuzunguka" na "epi-" kina maana ya "juu ya". Katika tando zinazoufunika moyo niliona kwamba perikadiamu iko nje na epikadiamu iko ndani yake, nikakariri kwamba "peri-" siku zote hukaa nje ya "epi-". Nilipofika kwenye misuli mambo yakageuka, kwa kuwa epimisiamu ndiyo ya nje kabisa na perimisiamu imo ndani. Je, maana ya viambishi hivi hubadilika kutoka kiungo hadi kiungo?

Jibu la kwanza

Maana haibadiliki, mwenzangu. Kilichokukwaza ni kanuni uliyojiwekea. "Peri-" haisemi kitu ni tabaka la ngapi. Husema tu kwamba kitu hicho kinazunguka kingine, nawe huna budi kuuliza: kinazunguka nini? Tazama kwa hadubini kipande cha msuli kilichokatwa kwa upana, utaona nyuzi zimekusanyika katika mafungu, na kati ya fungu na fungu pana njia za tishu unganishi zinazolizingira kila moja. Hiyo ndiyo perimisiamu: inazunguka fungu, haizunguki msuli mzima. Ndani ya fungu, kila uzi umevikwa utando mwembamba sana uitwao endomisiamu, na msuli wote kwa jumla umefunikwa na epimisiamu. Neva nazo zimepangwa vivyo hivyo, yaani epinyuriamu, perinyuriamu na endonyuriamu, kwa hiyo ukielewa msuli umeielewa na neva.

Jibu la pili

Naongezea kuhusu moyo, maana hapo ndipo wengi hupotea. Chukua puto lenye hewa kidogo, ulisukume kwa ngumi mpaka likumbatie mkono: sasa ngozi moja ya puto imeshikana na ngumi, na nyingine iko nje, kukiwa na nafasi nyembamba katikati. Ngumi ni moyo. Ngozi iliyoshikana nayo ni epikadiamu, ambayo kwa kweli ni sehemu ya perikadiamu yenyewe, na nje ya puto zima upo mfuko mgumu wa nyuzi. Katika ile nafasi mna majimaji machache, kwa kawaida kati ya mililita 15 na 50, yanayouwezesha moyo kupiga bila kukwaruzana na mfuko wake. Nadhani tafsiri ya "juu ya" nayo imekupoteza, kwa sababu katika Kiswahili ndege huwa juu ya paa hata kama hajaligusa. Katika epikadiamu, "epi-" ni juu kwa maana ya kugusana.

Muuliza swali

Nawashukuru sana, sasa nimeelewa. Basi periostiamu, yaani utando wa mfupa, inauzunguka mfupa wote? Na je, kila neno linaloanza kwa "per-" ni la ukoo huu?

Jibu la tatu

La, si kila neno. Pafyusheni (kwa Kiingereza "perfusion"), yaani damu kupita katika tishu, linatokana na "per-" ya Kilatini yenye maana ya "kupitia", na jina la neva ya peronia mguuni linatokana na neno la Kigiriki "perone", yaani pini. Peritoniamu ni la ukoo huu, kwa kuwa asili yake ni "kilichotandazwa kuzunguka", nao ndio utando unaopamba kuta za fumbatio na kuvifunika viungo vingi vilivyomo.

Kuhusu periostiamu, ina neva nyingi za maumivu, na ndiyo maana ukijigonga kwenye muundi, ambapo mfupa uko karibu sana na ngozi, maumivu huwa makali kuliko ukigongwa kwenye paja. Lakini haiuzunguki mfupa wote: katika nyuso zinazokutana kwenye kiungio haipo, na mahali pake pamefunikwa na gegedu.