Legio ya Maria: mwanzilishi ni Frank Duff, au ni wale wasichana wa Dublin?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili waziwazi, maana limenikaa rohoni tangu Jumapili. Kwenye semina ya parokia yetu mwezeshaji alitufundisha kwamba Legio ya Maria, chama cha kitume cha walei Wakatoliki, ilianzishwa na Frank Duff, mtumishi wa serikali huko Ayalandi, akaendelea na mada nyingine. Nilipouliza habari za wanawake, akajibu kuwa wao walikuwa wanachama wa kwanza tu. Hiyo “tu” siikubali.

Turudi Dublin, mwaka 1921, kwenye Myra House, mtaa wa Francis. Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo kilikuwa na shughuli zake pale, na enzi hizo kilikuwa chama cha wanaume. Siku moja mwanachama akasimulia alivyowatembelea wagonjwa wa South Dublin Union, hospitali ya maskini. Wanawake waliokuwepo, ingawa si wanachama, wakasikiliza, kisha baadhi yao wakamfuata Duff: je, na sisi hatuwezi kwenda? Hakuna aliyekuwa amewaalika. Duff alikuwa mwanachama wa chama hicho cha Vinsenti tangu 1913, mtu wa sala na wa kazi. Kama ni kuanzisha, alikuwa na miaka minane ya kufanya hivyo.

Jumatano ya tarehe 7 Septemba, saa mbili usiku, wakakutana: wanawake wapatao 15, wengi wao wasichana, pamoja na Duff na Padre Michael Toher. Meza ilikuwa imeshatandikwa kitambaa cheupe, juu yake sanamu ya Mama Maria, mishumaa na maua. Aliyewahi kufika ndiye aliyeiandaa, bila kuagizwa. Mpaka leo kila presidia, yaani kikundi cha msingi cha Legio, hukutana mbele ya meza ya namna ile, hata huku kigangoni kwetu. Rais wa kwanza akawa Elizabeth Kirwan. Wanaume walipata presidia yao ya kwanza mwaka 1929, miaka minane baadaye!

Najua mtakachonijibu: Duff ndiye aliyeandika Kitabu cha Mwongozo, ndiye aliyekitetea chama mbele ya wakuu wa Kanisa, na alikitumikia mpaka alipofariki mwaka 1980. Ni kweli tupu, na heshima yake siiondoi. Hata jina la Legio lilikuja baadaye, mwaka 1925. Lakini aliyelea mtoto si lazima awe ndiye aliyemzaa, na Duff mwenyewe hakupenda kuitwa mwanzilishi.

Nang'ang'ania kwa sababu hata kwetu Legio ililetwa na mwanamke. Edel Quinn, mwanachama kutoka Ayalandi, alikuja Nairobi mwaka 1936, kifua kikuu kikiwa kimeshamdhoofisha. Alizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, akafika hadi Nyasaland (Malawi ya leo) na Mauritius, na akafia Nairobi tarehe 12 Mei 1944, akiwa na umri wa miaka 36.

Sasa hapa parokiani, wanaokwenda wodini wawili wawili kila wiki ni akina mama. Ukifika uchaguzi wa kuria, baraza linalosimamia presidia, tunaanza kuulizana mwanaume gani anafaa urais. Nadhani historia tunayofundishana ina mkono wake katika hilo.

Kwenu mambo yakoje? Na mwenye hoja kwamba Padre Toher ndiye anayestahili kuitwa mwanzilishi, ailete pia, nitaisoma na kuijibu.