Mjadala: Dar es Salaam ilianza na Sultani Majid, au tuihesabu tangu Mzizima?

Wakuu, kila ninaposoma habari za Dar nakuta "ilianzishwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar" miaka ya 1860. Ilianzishwa vipi, wakati aliwakuta watu? Kijiji cha Mzizima kilikuwepo: Washomvi pwani, Wazaramo kwa nyuma kidogo chini ya mapazi, yaani viongozi wao wa jadi. Nendeni Kunduchi mkaone magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyopachikwa bakuli za China. Ukanda huu ulifanya biashara ya bahari zamani sana kabla ya Majid. Nasema vitabu vya shule viandikwe upya. Karibuni.

Mwalimu wa Historia: Ndugu, Kunduchi si Mzizima. Ukianza kuokota magofu kila mahali utatufikisha hadi Kaole, Bagamoyo, nako utasema ni Dar. Majid alitaka kitu ambacho mvuvi hakukihitaji: bandari ya ndani, yenye mlango mwembamba, ambamo meli inatulia hata nje bahari ikichafuka. Ngalawa inavutwa tu mchangani. Kijiji cha Mzizima kilitazama bahari ya wazi, upande ilipo leo hospitali ya Ocean Road. Kwa hiyo hakujenga juu ya kijiji, alijenga kando yake. Boma la Kale pale Sokoine Drive na Atiman House ni za wakati wake, na bado zimesimama. Kijiji ni kijiji, mji ni mji.

Mtoto wa Gerezani: Mwalimu, shikamoo. Kama kigezo ni mji unaofanya kazi, basi hata Majid haponi. Alifariki 1870, ndugu yake Barghash aliyerithi usultani akaupa mji kisogo, nyumba zikaachwa zibomoke na misafara ikaendelea kushukia Bagamoyo. Wajerumani ndio waliokuja 1887, wakahamishia makao makuu hapa 1891, reli ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Kwa hesabu yako, mwanzilishi ni Mjerumani. Sidhani kuna mtu hapa anataka kulisema hilo kwa sauti, na mimi simo! Halafu tunasema "Majid alijenga" kana kwamba alishika mwiko mwenyewe. Watumwa waliotumika enzi zile, mjini na mashambani, hatuwataji kabisa.

Mjukuu wa Mzaramo: Mnabishana kuhusu meli na mawe, mnaliacha la ardhi. Hadithi ikianza na Majid, kabla yake panaonekana pori tupu, na pori tupu halina mwenyewe. Mjerumani alipokuja kugawa viwanja, ufukwe uleule wa Mzizima ukawa Uzunguni, hospitali ya Ocean Road ikajengwa hapo miaka ya 1890, na Mwafrika akasukumwa nyuma hadi upande ambao baadaye tuliuita Kariakoo. Kwa hiyo mleta mada, usitutetee kwa bakuli za China. Hata wangekuwa wavuvi maskini wasio na bakuli moja, pale palikuwa kwao.

Mleta mada: Hapo umenizidi, dada, na ndiyo hoja ninayotaka iingie vitabuni. Mwalimu, Kunduchi nimeitaja kuonyesha hali ya pwani nzima, sijasema ni mtaa wa Mzizima.

Mwalimu wa Historia: Marahaba, kijana wa Gerezani. Hoja ya ardhi naikubali, lakini ni hoja ya umiliki, si ya kuanzishwa kwa mji. Tusivichanganye. Mimi nina wanafunzi wa kidato cha pili na swali la mtihani linalotaka jibu la mstari mmoja. Niandikieni huo mstari.

Mjukuu wa Mzaramo: "Katika miaka ya 1860 Sultani Majid alianza kujenga mji wa bandari katika nchi ya Wazaramo na Washomvi, kando ya kijiji cha Mzizima."

Mwalimu wa Historia: Huo naufundisha. Ila msahihishaji akiukata, nitawatuma wanafunzi kwako.